Mafaili ya vipande vipande: Mzigo usiojulikana unaopanda hadi Chome

KATIKA Milima ya Upare mizigo mizito huzoea kupanda ikiwa vipande. Mashine ya kusaga hufunguliwa bondeni, vyuma vyake vikapakiwa kimoja kimoja, na fundi akaviunganisha tena huko juu. Kabati hupanda mbao zake zikiwa zimefungwa kamba. Hakuna anayeona ajabu, kwa kuwa barabara ina kona kali na gari lina kikomo cha kubeba.

Kata ya Chome, wilayani Same, mkoani Kilimanjaro, iko katika mazingira ya namna hiyo. Ni eneo la Upare Kusini, jirani na msitu wa hifadhi wa Chome wenye kilele cha Shengena, ambacho kwa mita zake 2,462 kutoka usawa wa bahari ndicho kirefu kuliko vyote katika safu hiyo. Ni nchi ya ukungu, migomba, kahawa na maharage, na watoto wake wengi wametawanyika Same mjini, Moshi, Arusha na Dar es Salaam kutafuta maisha.

Watoto hao wanapotaka kupeleka nyumbani kitu kikubwa cha kompyuta, iwe ni programu ya uhasibu kwa ajili ya kikundi cha akiba, mkusanyiko wa mitihani ya miaka iliyopita, video ya harusi au filamu, nao hufuata desturi ileile ya mlimani. Faili hubanwa, likakatwa vipande vitano, vinane au ishirini, kisha vipande hivyo vikasafiri kimoja kimoja kwa njia ya simu au vyote kwa pamoja ndani ya flashi iliyo mfukoni mwa abiria wa basi. Huko kwenye steshenari au ofisi ya shule mtu huvikusanya, hubofya cha kwanza, na programu huviunganisha.

Tofauti ni moja, nayo si ndogo. Fundi wa mashine ya kusaga anakiona kila chuma kabla ya kukifunga. Anayeunganisha vipande vya faili haoni kitu hadi kazi imekwisha. Ikiwa vipande hivyo havikutoka kwa ndugu aliyeko Dar es Salaam bali vilipakuliwa kutoka mahali pasipojulikana, mtu huyo amenunua mbuzi kwenye gunia, tena gunia lenyewe limeletwa kwa awamu.

Ubanaji wa mafaili si jambo jipya. Mmarekani Phil Katz alitoa programu ya PKZIP mwaka 1989, na umbo la ZIP linalotumika hadi leo likatokana nayo. Mrusi Eugene Roshal alifuata na RAR mwaka 1993, na mwaka 1999 Mrusi mwingine, Igor Pavlov, akatoa 7-Zip isiyodai malipo. Enzi hizo flopi ilibeba megabaiti 1.44 tu, hivyo aliyekuwa na faili la megabaiti 10 hakuwa na njia ila kulikata. Flopi zilipokwisha, sababu ya kukata haikwisha. Barua pepe ziliweka kikomo cha viambatisho. Gmail, kwa mfano, huishia megabaiti 25. Tovuti za kuhifadhia mafaili zilizovuma miaka ya 2000, kama vile RapidShare na Megaupload, nazo ziliwabana watumiaji wasiolipa. Megaupload ilifungwa na serikali ya Marekani Januari 2012, RapidShare ikajifunga yenyewe Machi 2015, lakini tabia ya kupasua mafaili ilikuwa imekwishaota mizizi.

Kwa Tanzania kuna sababu za ziada. Mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, mjini intaneti ilibadilika. Milimani mabadiliko hayo yalifika kwa kuchelewa na hayakufika sawasawa, kwani mawimbi ya simu hayapendi mabonde, na mnara unaoonekana toka ng'ambo moja ya kilima huwa haupo kwa aliye ng'ambo ya pili. Serikali ilianzisha Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote kwa sheria ya mwaka 2006 ili kusaidia maeneo ambayo kampuni za simu zisingeyaona kuwa na faida. Hata hivyo, palipo na mnara bado kuna suala la bando. Mtu anayepakua faili la gigabaiti 2 kwa mkupuo mmoja, mtandao ukakatika likiwa limefika asilimia 90, anaweza kujikuta amepoteza bando zima bila kupata kitu. Akilipakua kwa vipande kumi, anapoteza kipande kimoja.

Flashi nazo zina lao. Nyingi zimepangwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja lenye kufikia gigabaiti 4 hata kama flashi yenyewe ina nafasi ya gigabaiti 32. Atakaye kubeba filamu kubwa au nakala ya mfumo endeshi wa Windows hulazimika kuikata.

Kwa hiyo onyo linalotolewa mara kwa mara mijini, kwamba watu waache kabisa kupokea mafaili ya aina hiyo, haliwezi kufuatwa Chome, na wala si haki kulitoa. Kukata faili ni akili ya mtu mwenye mtandao dhaifu na fedha kidogo. Hatari iko kwingine, katika namna umbo hilo linavyompofusha mpokeaji pamoja na vyombo vinavyopaswa kumlinda.

Programu ya kukinga virusi hufanya kazi kwa kulinganisha. Inalo daftari la alama za virusi vinavyojulikana, na inachunguza kama faili lililo mbele yake lina alama hizo au lina mwenendo unaofanana na wa kirusi. Kipande cha tatu kati ya vinane hakina alama yoyote ya kusomeka. Ni mchanganyiko wa tarakimu ambao peke yake hauna maana, mithili ya ukurasa wa katikati ya barua iliyoandikwa kwa mafumbo. Mlinzi wa barua pepe atakipitisha. Anayekipeleka kwenye huduma ya uchunguzi ya VirusTotal atarudishiwa jibu kwamba hakuna tatizo, na jibu hilo litakuwa la kweli kuhusu kipande, lakini halisemi lolote kuhusu kitu kizima.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo watumiaji wengi hawalijui. Katika faili la ZIP lililokatwa, orodha ya vilivyomo hukaa mwishoni, katika kipande cha mwisho. Ndivyo ilivyo pia katika 7-Zip. Maana yake ni kwamba mtu anaweza kupakua vipande saba kati ya vinane asijue kama ndani kuna kitabu, filamu au programu haribifu. RAR ina nafuu kidogo, kwa kuwa kila kipande hubeba maelezo ya kilichomo, lakini mtumaji akiamua kuficha hata majina ya mafaili kwa neno la siri, nafuu hiyo hutoweka.

Hapo ndipo matapeli wanapopata mwanya wao mkubwa zaidi, na mwanya huo hauko kwenye kompyuta. Uko katika hesabu ya bando.

Mwalimu aliyetumia siku tatu kukusanya vipande saba vya programu ya kutengeneza ratiba ya shule hayuko tena katika hali ya mtu anayechagua. Amekwishagharamika. Akiambiwa kwamba kipande cha nane kinapatikana baada ya kusakinisha kwanza programu fulani ya kupakulia, atasakinisha. Akiambiwa neno la siri liko kwenye ukurasa mwingine unaodai namba yake ya simu, ataiandika. Akikuta maelezo kwamba antivirusi izimwe kwa muda kwa sababu inakosea, ataizima, hasa kama maelezo hayo yameandikwa kwa lugha ya kirafiki na chini yake kuna watu wanaoshukuru. Angeletewa masharti hayo mwanzoni, kabla ya kupoteza hata megabaiti moja, huenda angeyakataa yote. Biashara ya utapeli wa vipande imejengwa juu ya ukweli huo kuhusu binadamu.

Mbinu ya neno la siri ina historia ndefu. Mapema mwaka 2004 kirusi cha Bagle kilisambaa duniani kwa barua pepe kikiwa ndani ya faili la ZIP lililofungwa, na neno la kulifungulia likiwa limeandikwa ndani ya barua ileile. Walioyafungua walidhani kufuli ni dalili ya usalama, kumbe lilikuwa limewekwa kuizuia antivirusi isichungulie. Miaka ishirini baadaye mchezo ni uleule. Oktoba 2025 kampuni ya Check Point ilieleza mtandao wa akaunti za YouTube uliokuwa na video zaidi ya 3,000 zilizoahidi programu za bure zilizovunjwa kufuli na mbinu za udanganyifu katika michezo ya kompyuta. Waliovutwa walielekezwa kwenye mafaili yaliyobanwa na kufungwa kwa neno la siri, na baadhi yao waliagizwa kuzima kinga ya Windows kabla ya kuyafungua.

Ni vyema kutozidisha chumvi. Mara vipande vinapounganishwa na faili halisi likatokea kwenye diski, antivirusi iliyo hai ndani ya kompyuta hupata nafasi ya kulichunguza. Kukata vipande hakumfanyi mwizi awe mzimu; kunamvusha tu milango yote ya nje na kuuacha mmoja wa mwisho, ule wa chumbani. Ndiyo maana maelekezo ya kuzima antivirusi ni ishara nzito kuliko zote. Wapo pia wanaojaribu kuupita mlango huo kwa kulijaza faili sifuri zisizo na kazi mpaka likawa na mamia ya megabaiti. Sifuri hubanika kirahisi, hivyo mzigo husafiri ukiwa mdogo na kuvimba baada ya kufunguliwa, na baadhi ya vyombo vya uchunguzi huruka mafaili makubwa mno. VirusTotal yenyewe haipokei faili linalozidi megabaiti 650.

Flashi inaongeza udhaifu ambao haupo kwa anayepakua moja kwa moja. Windows inapopokea faili kutoka intaneti hulibandika alama ya siri inayoonyesha kuwa limetoka nje, na ni kwa sababu ya alama hiyo kwamba mtumiaji huulizwa mara mbili kabla ya kuliendesha, au hati ya Word hufunguka kwanza kwa kusomwa tu. Alama hiyo hukaa vizuri kwenye diski ya ndani yenye mfumo wa NTFS. Faili likinakiliwa kwenda kwenye flashi ya FAT32, alama hupotea njiani. Likifika Chome ni kama limezaliwa ndani ya kompyuta ya hapo hapo, na halitaulizwa lolote.

Hata pasipo flashi, programu ya kufungulia nayo inapaswa kuihamisha alama toka kwenye faili lililobanwa kwenda kwa yale yanayotoka ndani. 7-Zip haikuwa na uwezo huo hadi toleo la 22.00 la mwaka 2022, na hata baada ya hapo mtumiaji alipaswa kuuwasha mwenyewe. Kisha ikagundulika kasoro iliyomwezesha mshambuliaji kuikwepa alama kwa kubana faili ndani ya faili jingine lililobanwa. Kasoro hiyo, iliyopewa namba CVE-2025-0411, ilikuwa imetumika dhidi ya taasisi za Ukraine kabla ya kuzibwa kwa toleo la 24.09 la Novemba 2024.

WinRAR, ambayo pengine ndiyo programu inayodai malipo kwa upole kuliko zote duniani, kwa kuwa siku zake 40 za majaribio zikiisha huendelea kufanya kazi huku ikiomba, ina rekodi inayostahili kusomwa kwa makini na kila mwenye steshenari.

Februari 2019 watafiti wa Check Point walitangaza kuwa ndani yake mlikuwa na kasoro iliyodumu kwa takriban miaka 19, katika kijiprogramu cha kufungulia mafaili ya aina ya ACE. Mshambuliaji aliweza kulibandika faili lake jina la RAR, na lilipofunguliwa likajiweka mahali pa kuanzia pamoja na Windows kila kompyuta inapowashwa. Wenye WinRAR waliamua kuiondoa kabisa huduma ya ACE katika toleo la 5.70.

Agosti 2023 lilitoka toleo la 6.23 likiziba kasoro mbili kwa mpigo. Moja, CVE-2023-38831, ilikuwa ikitumika tangu Aprili mwaka huo dhidi ya watu wanaofanya biashara ya fedha mtandaoni. Mtumiaji alibofya picha au hati ndani ya faili lililobanwa, na kilichoendeshwa kikawa ni amri iliyofichwa katika folda yenye jina kama la picha hiyo. Ya pili, CVE-2023-40477, inahusu moja kwa moja mafaili ya vipande. RAR ina utaratibu wa vipande vya akiba, ambavyo humwezesha mtu kurudisha kipande kilichopotea au kuharibika. Ni msaada mkubwa kwa mwenye mtandao mbovu. Kasoro hiyo ilikuwa katika namna WinRAR ilivyosoma vipande hivyo vya akiba, na faili lililotengenezwa kwa hila liliweza kuendesha amri za mgeni pindi linapofunguliwa tu, pasipo mtumiaji kubofya chochote kilichomo ndani. Yaani kifaa kilichobuniwa kumsaidia mtu wa mlimani ndicho kilichokuwa na tundu.

Julai 2025 kampuni ya ESET iligundua kasoro nyingine, CVE-2025-8088, iliyowezesha faili lililobanwa kutoa vitu nje ya folda aliyoichagua mtumiaji na kuvipeleka mahali pa hatari. Kundi la wadukuzi linaloitwa RomCom lilikuwa tayari linaitumia. Tiba ilitolewa Julai 30, 2025 katika toleo la 7.13.

Tatizo ni kwamba WinRAR haijisasishi yenyewe. Toleo lililowekwa na fundi siku kompyuta iliponunuliwa ndilo litakaloendelea kuwapo mpaka mtu akumbuke. Katika steshenari ambako kompyuta moja hufanya kazi ya kuchapa, kutoa fotokopi, kusukuma nyimbo kwenye simu na kujaza fomu za mtandaoni, hakuna anayekumbuka. Mara nyingi mfumo endeshi wenyewe umekwishaachwa na wenyewe: Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 Januari 14, 2020, na Windows 10 ikafikia ukomo wa huduma ya kawaida Oktoba 14, 2025.

Swali ambalo msomaji wa mjini anaweza kuuliza ni je, mwizi wa mtandaoni atapata nini katika kompyuta ya kijijini? Jibu linahitaji kuangalia kilichomo ndani ya kompyuta hiyo.

Kijana wa Chome anayeomba mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi yake mtandaoni, na kwa kuwa wengi hawana kompyuta nyumbani, hufanya hivyo kwenye steshenari. Huko huchanganuliwa cheti chake cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha taifa cha mzazi, wakati mwingine hata cheti cha kifo cha baba. Anayeomba kazi serikalini hupitia hapo hapo. Mwenye duka humfungulia akaunti ya barua pepe, na kwa kuwa mteja atarudi kesho akiwa amesahau neno la siri, hulihifadhi kwenye kivinjari au kwenye daftari la Excel. Nakala za vyeti hubaki kwenye folda kwa miaka. Kompyuta moja yenye vumbi, chini ya paa la bati, inaweza kuwa na utambulisho kamili wa mamia ya watu.

Programu haribifu zinazosambazwa zaidi kwa njia ya mafaili yaliyobanwa siku hizi ndizo hasa zinazotafuta vitu hivyo. Hazifuti mafaili wala hazionyeshi fuvu la kichwa kwenye kioo kama virusi vya zamani. Huingia, hukusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika vivinjari pamoja na vitambulisho vya akaunti zilizo wazi, huvituma kwa bwana wake katika muda mfupi, na baadhi hujifuta. Ukubwa wa biashara hiyo ulionekana Mei 2025, pale Microsoft na vyombo vya dola vya nchi kadhaa viliposambaratisha miundombinu ya programu iitwayo Lumma. Kati ya Machi 16 na Mei 16 mwaka huo, Microsoft ilikuwa imebaini kompyuta zaidi ya 394,000 za Windows zilizoambukizwa duniani. Mwizi hakuchagua mji wala kijiji. Alitupa nyavu na kuchukua kilichonasa.

Shuleni hali ina uzito wake. Alama za wanafunzi, taarifa za usajili wa mitihani na mahesabu ya shule siku hizi hupita katika mifumo ya mtandaoni ya serikali, na mwalimu mmoja au wawili ndio wenye maneno ya siri. Kompyuta inayotumika ni ileile ambayo mwalimu mwenzao ameichomeka flashi yenye vipande kumi na mbili vya mtihani wa majaribio kutoka shule asiyoijua. Katika majira ya mitihani ya taifa, faili lenye jina linalodokeza mtihani uliovuja ndilo chambo kizuri kuliko vyote, kwa kuwa aliyelifungua hatathubutu kuripoti kilichomkuta.

Hoja kwamba watu wengi sasa wanatumia simu na hivyo wako salama ina ukweli nusu. Kirusi kilichoandikwa kwa ajili ya Windows hakifanyi kazi kwenye simu ya Android. Lakini simu hiyo hukibeba ndani ya kadi ya kumbukumbu kama mbu abebavyo vijidudu vya malaria bila yeye kuugua, na kukishusha kwenye kompyuta ya kwanza itakapounganishwa kwa waya. Aidha, baadhi ya mafaili yaliyobanwa hubeba programu za Android zisizotoka katika duka rasmi. Aliyeruhusu programu ya namna hiyo kusoma ujumbe mfupi amempa mgeni nafasi ya kusoma namba za uthibitisho zinazotumwa na benki na huduma za fedha kwa simu.

Sheria zipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika Septemba 1 mwaka huo, inaharamisha kuingia katika mfumo wa kompyuta na kuharibu taarifa kwa makusudi na kinyume cha sheria. Neno makusudi linamkinga mwenye steshenari aliyesambaza kirusi bila kujua. Halimkingi dhidi ya sheria iliyofuata. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde na asizihifadhi kupita mahitaji, na Tume ya kuisimamia ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Mwenye duka mwenye folda ya vyeti vya wateja wa miaka mitano ni mkusanyaji wa taarifa kwa maana ya sheria hiyo, awe anajua au hajui.

Hapa ndipo sera ya Dar es Salaam inapokutana na hali halisi ya milimani na kukwama. Kumtisha mtu huyo kwa faini ni kufunga duka pekee ambalo mwanafunzi wa Chome anaweza kuombea mkopo. Kumwacha kama alivyo ni kuendelea kuacha vyeti vya watoto hao mlangoni. Ingekuwa busara zaidi kwa halmashauri, ambazo huwatoza wafanyabiashara hao leseni, kuwapa pamoja na karatasi ya leseni mafunzo ya nusu siku kuhusu kompyuta wanayoitegemea. Kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao, TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, hutoa tahadhari. Mwenye duka wa mlimani hana desturi ya kuzifuata tovuti za namna hiyo, na si rahisi kumlaumu.

Mengi ya kufanya hayahitaji fedha. Vitabu vya kiada viko katika maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, wala hakuna haja ya kuvitafuta kwa vipande kwa mtu asiyejulikana. Programu nyingi zinazopakuliwa zikiwa zimevunjwa kufuli zina mbadala wa bure na halali, kama LibreOffice badala ya Word na Excel. Kwa vipande vinavyotoka kwa ndugu, mtumaji anaweza kukokotoa alama ya SHA-256 ya kila kimoja, kazi ambayo 7-Zip huifanya kwa kubofya mara mbili, na kuisoma kwa simu. Tarakimu zikilingana, kipande hakikuguswa njiani. Vikiisha kuunganishwa, kilichotoka kichunguzwe kikiwa kizima, kabla ya kubofywa, na Windows iamriwe kuonyesha majina kamili ya mafaili, kwani ikiachwa ilivyo huficha herufi za mwisho na kulifanya faili liitwalo matokeo.pdf.exe lionekane kuwa ni matokeo.pdf.

Aliyekwisha kufungua na kuhisi mambo si shwari aikate kompyuta kwenye mtandao kwanza. Kisha abadilishe maneno ya siri, akianza na la barua pepe, akitumia kifaa kingine, na aziondoe akaunti zake katika vifaa vyote, kwa sababu mwizi aliyechukua kitambulisho cha akaunti iliyo wazi anaweza asihitaji neno la siri. Flashi zote zilizopita hapo siku hizo zihesabiwe kuwa na ugonjwa. Kuisafisha kompyuta kwa kuisakinisha upya kunachosha, na fundi wa karibu anaweza kuwa Same mjini, lakini kutegemea antivirusi iliyokuwa imezimwa wakati mgeni anaingia ni kumtegemea mlinzi aliyekuwa amelala.

Na kabla ya yote hayo, yupo mwenye steshenari anayeweza leo kuifungua WinRAR yake, akaenda kwenye sehemu ya maelezo kuihusu na kusoma namba ya toleo. Ikiwa chini ya 7.13, kompyuta yake ingali na tundu lililozibwa Julai 2025. Ikiwa chini ya 6.23, ina na lile la vipande vya akiba. Toleo jipya kutoka kwa wenyewe halifikishi megabaiti 10. Hicho ni kiasi kidogo kuliko kipande kimoja cha filamu aliyoipakua usiku uliopita.